Jinsi ya Kulielewa Neno "Petticoat" katika Maandishi ya Kale

Msomaji anayekutana na neno "petticoat" katika maandishi ya zamani ya Uingereza asikimbilie kulifasiri kuwa gagulo au shimizi kabla ya kujua maandishi hayo ni ya karne gani. Neno hilo limetokana na maneno mawili yenye maana ya "koti dogo", na katika karne ya 15 lilitaja vazi fupi ambalo wanaume walilivaa chini ya vazi la juu.

Karne ya 18 ndiyo inayowapotosha wengi. Wakati huo gauni la mwanamke mara nyingi liliachwa wazi kwa mbele, na "petticoat" ilikuwa sketi iliyoonekana hadharani, pengine ya hariri au iliyotariziwa kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo ilikuwa nguo ya fahari wala si ya kufichwa. Hapo andika "sketi". Katika karne ya 19 maana ya nguo ya ndani ilishika nguvu, na gagulo linafaa kabisa.

Chunguza pia matumizi ya mafumbo. Mvulana aliyesemwa kuwa bado yumo katika "petticoat" alikuwa mdogo mno, kwa sababu watoto wa kiume walivalishwa magauni kabla ya kupewa suruali. "Serikali ya petticoat", kwa upande wake, ni dhihaka dhidi ya mamlaka ya wanawake, nami naamini mfasiri mwaminifu hapaswi kuilainisha, bali aiache dharau hiyo ionekane jinsi ilivyokuwa.