Kabla ya Kurekodi Muziki wa Papo kwa Papo Mwanza: Mambo ya Kuzingatia

Kikundi kinachokusudia kurekodi muziki wa papo kwa papo, yaani muziki usio na noti wala mpangilio uliokubaliwa, hakina budi kujiandaa kwa makini kuliko bendi inayorekodi wimbo. Wimbo hurudiwa mpaka ukae sawa, ilhali mchezo wa papo kwa papo ukikatizwa na waya mbovu haurudi tena ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo, kinachotakiwa kufanyiwa mazoezi hapa ni chumba, umeme, vyombo na makubaliano, na muziki wenyewe uachwe usubiri.

Kwanza ni mahali na saa. Nyumba nyingi za Mwanza zimeezekwa kwa bati, na mvua ikishika juu ya bati hakuna maiki itakayoiokoa sauti ya zeze. Hivyo ni busara kuepuka masika, au kutafuta chumba chenye dari nzito. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kuzipiga maiki zisizovikwa sponji, na kunguru na honi za barabarani nazo huingia. Mimi napendelea saa tatu usiku, madirisha yakiwa yamefungwa na taa za nje zimezimwa ili wadudu wa ziwani wasijazane mlangoni. Siku moja kabla, saa ileile, mtu mmoja avae hedifoni na kurekodi chumba kitupu kwa dakika kumi, kisha wote waisikilize rekodi hiyo. Sauti ya nje si adui, kwani AMM, kikundi cha muziki wa papo kwa papo kilichoanzishwa London mwaka 1965, kiliifanya hata redio ya transista kuwa ala. Tofauti ni kwamba redio ile iliwashwa kwa hiari, nayo friji ya jirani haikualikwa.

Ala ndizo zinazotaka muda mrefu zaidi. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa ziwa, kwa hiyo ianikwe juani au ipashwe moto mapema, kisha ikaguliwe tena katikati ya kazi. Ndono, ule upinde wa Wasukuma na Wanyamwezi wenye kibuyu, hubadili sauti kadiri mpigaji anavyokisogeza kibuyu mwilini na kukiachia. Anayebandika kidude cha piezo, kinachonasa mtetemo wa kitu badala ya sauti ya hewani, kwenye mti wa upinde peke yake atapata mgongano wa kijiti na kuukosa upumuaji huo wote, na kwa hiyo inatakiwa pia maiki ya kawaida mbele ya kibuyu. Vitu vingine, kama sufuria, ubao wa mtumbwi au jiwe lenye mlio, hupokelewa vizuri na piezo, mradi iunganishwe na priampu (kifaa cha kukuza sauti kabla ya rekoda) yenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi kwenye ingizo lake, la sivyo besi hupotea na sauti hubaki kama ya bati jembamba. Kila ala ijaribiwe kwa mguso wake mdogo kabisa na kwa kishindo chake kikubwa kabisa, maana katika muziki huu vyote viwili vitakuja bila taarifa. Ndiyo maana wastani wa sauti hupangwa kuwa desibeli 18 hadi 20 chini ya kikomo cha rekoda, nafasi ambayo mafundi wengi wa bendi wangeiona ya kupita kiasi.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na vifaa vikiunganishwa kwenye soketi za pande tofauti za nyumba, mvumo wa hezi 50 na 100 hujitokeza chini ya kila kitu. Vyote vichomekwe mahali pamoja, na sauti ya kompyuta ipitie kisanduku cha DI, kinachoweza kutenganisha ethi za vifaa viwili. Waya wa ethi usikatwe kamwe ili kuondoa mvumo, kwa maana hapo ni uhai wa mtu unaowekwa rehani. Rekoda iendeshwe kwa betri, ili umeme ukikatika angalau ala zisizotumia umeme ziendelee kurekodiwa. Kwa nafasi ya kuhifadhi, chaneli 8 za biti 24 na kilohezi 48 hula takriban gigabaiti 4 kwa saa, kwa hiyo kadi mbili za kumbukumbu za kawaida zinatosha kabisa.

Haki nazo zizungumzwe mapema. Kila mpigaji ni mtunzi, kwa hiyo mgawanyo uandikwe na kutiwa saini kabla maiki hazijawashwa, jambo litakalorahisisha pia kazi kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Jingine la kukubaliana ni namna ya kumaliza: mwenye hedifoni asizime rekoda mpaka dakika nzima ipite tangu sauti ya mwisho, na katika dakika hiyo asiwepo wa kukohoa, kusimama wala kusema "tumemaliza", kwa kuwa huenda mwenzake bado ameinua kijiti.