Somo: Picha ya uso kwa mwanga wa mlangoni

Hapa Kisumu tuko jirani na Ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno. Jua la saa sita linasimama utosini, macho yanageuka mashimo na paji la uso linawaka. Saa hiyo usimpige mtu picha uwanjani. Mwingize mlangoni.

Hatua ya 1. Zima taa za ndani. Msimamishe hatua moja nyuma ya kizingiti, atazame nje. Wewe kaa upande, usimzibie mwanga. Mgeuze polepole hadi uone kidoa cheupe cha mlango ndani ya kila jicho. Kisipoonekana, usibonyeze. Uhai wa picha uko hapo.

Hatua ya 2. Kwa kuanzia: lenzi ya milimita 50, tundu la lenzi f/2.8, kasi ya kufunga 1/200 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400. Fokasi, yaani ukali wa picha, iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Hatua ya 3, na hii naomba uisome mara mbili. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inaongeza mwanga na ngozi inapauka. Shati jeupe likijaza fremu, inapunguza na uso unazama gizani. Mama mmoja muuza samaki pale ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, aliitazama picha yangu akasema, "Mwanangu, mbona umenipaka jivu?" Iliniuma, maana alisema kweli. Nikapunguza mwanga kidogo kwenye kamera, nikarudia: weusi wake ukarudi, na magamba ya samaki yaliyokauka shavuni yakaonekana moja moja.

MASWALI

Mwalimu, nina simu tu. Itafaa?
Itafaa sana. Gusa uso kwenye kioo, shikilia hadi kipimo cha mwanga kifungike, kisha teremsha alama ya jua kupunguza mwanga. Usimsogelee mno, pua itavimba. Rudi nyuma, ukuze mara 2.

Niko Nakuru. Wateja wangu wanakaza uso. Nifanyeje?
Mpe kazi mikononi, ndugu yangu: afunge kifungo, akunje leso. Ongea naye, piga anapomaliza kujibu.

Naweza kuitumia picha ya mtu kutangaza studio yangu?
Mwombe kwanza, dada. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini yake kwa matumizi ya biashara. Akikubali, mpelekee nakala iliyochapishwa. Yule mama wa Dunga ameibandika yake juu ya meza ya samaki.