Somo: Kufunga Wi-Fi ya hospitali inayobeba vifaa vya wagonjwa, hatua kwa hatua

Wi-Fi ya ofisini ikikatika nusu dakika, barua pepe inachelewa. Ya wodini ikikatika nusu dakika, mgonjwa wa moyo anatoweka kwenye skrini ya muuguzi na hakuna anayejua mapigo yake yanakwendaje. Ndiyo maana mtandao wa hospitali haufungwi kwa kuongeza ruta pale watu wanapolalamika. Unafungwa kwa kuangalia kifaa dhaifu kuliko vyote na kitanda cha mgonjwa aliye hoi kuliko wote. Simu mpya ya daktari itafanya kazi tu. Pampu ya dripu yenye antena ndogo iliyofichwa nyuma ya betri ndiyo itakayokuaibisha.

Somo hili linawahusu mafundi wa TEHAMA, wahandisi wa vifaa tiba na wauguzi wasimamizi. Kaeni pamoja tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Andika kila kifaa

Msinunue chochote kabla ya orodha hii. Kwa kila aina ya kifaa andika: kinatumia masafa ya 2.4 GHz tu au na 5 GHz. Kinakubali ulinzi wa Wi-Fi wa aina gani (WPA2 ya nywila moja, WPA2 au WPA3 ya vyeti vya kidijitali, yaani kila kifaa na kitambulisho chake, au ile ya zamani na dhaifu ya WEP na TKIP). Kina chaneli zipi. Na toleo gani la programu yake ya ndani.

Kisha uliza swali kubwa kuliko yote: mtandao ukikatika, kifaa hiki kinafanya nini? Pampu nyingi huendelea kutoa dawa kama zilivyopangwa. Kinachosimama ni kumbukumbu na orodha mpya ya dozi. Monita ya kitandani huendelea kupiga kengele palepale kitandani. Lakini kisanduku cha telemetria (kinachotuma mapigo ya moyo bila waya) anachotembea nacho mgonjwa mara nyingi hakina skrini kubwa wala kengele ya kusikika mbali, kwa hiyo tegemeo lake lote ni mtandao. Hicho ndicho kitakachoamua muundo wa kazi yenu.

Kifaa kinachojua WEP au TKIP pekee kisiingie. Kitumie waya, au kisubiri kubadilishwa.

Hatua ya 2: Amueni nani anamiliki hatari

Kiwango cha kimataifa cha IEC 80001-1 kinaeleza usimamizi wa hatari pale vifaa tiba vinapounganishwa na mtandao, na jukumu hilo kinaliweka kwa hospitali yenyewe, si kwa muuza kifaa peke yake. Kwa vitendo: pawe na mtu mwenye jina anayesaini kabla mipangilio haijabadilishwa, na mabadiliko yoyote yatangazwe wodini kabla hayajafanyika. Fundi anayebadilisha chaneli saa nane usiku bila kumwambia muuguzi wa zamu amefanya kosa la kitabibu, hata kama kompyuta yake inaonyesha kila kitu ni kijani.

Hatua ya 3: Pima jengo, usikisie

Ramani ya programu ni mwanzo tu. Weka akses pointi (kifaa kinachorusha mawimbi ya Wi-Fi) moja juu ya stendi, iwashe kwa nguvu utakayotumia kweli, kisha tembea ukipima. Kuta za chumba cha eksirei zina bati la madini ya risasi, na chumba cha MRI kimefunikwa kwa shaba au chuma kizuie mawimbi ya redio makusudi. Usitundike akses pointi ndani ya chumba cha MRI: sumaku inavuta chuma na redio inaharibu picha. Lifti, friji za dawa, makabati ya chuma na vyoo vyenye vigae na mabomba navyo hula mawimbi.

Kosa linaloonekana kuliko yote ni kutundika akses pointi zote koridoni. Ni rahisi kwa fundi na hazimsumbui mgonjwa, lakini mawimbi yanakimbia urefu wa koridoni, akses pointi zinasikiana zenyewe kwa zenyewe na kugombania hewa, huku chumbani yakifika yamechoka baada ya kupita choo na mlango. Weka ndani ya vyumba, chumba kimoja kwa kupishana upande huu na ule wa koridoni, kisha upimaji ukuongoze.

Pima ukiwa kwenye kimo cha kitanda, mlango umefungwa, wodi ikiwa na watu, kwa kuwa mwili wa binadamu umejaa maji na hupunguza mawimbi. Lengo la kuanzia kwa monita na simu za sauti:

- mawimbi yasiwe dhaifu kuliko −65 dBm hadi −67 dBm kila mahali (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu);
- akses pointi ya pili isikike kwa −70 dBm hivi, ili kifaa kiwe na pa kuhamia;
- mawimbi yazidi kelele kwa 25 dB au zaidi.

Mtengenezaji wa monita akitaja namba kali kuliko hizi, fuata zake. Na usipime kwa laptopu pekee. Simamisha pampu na laptopu mahali pamoja, soma namba za zote mbili. Pampu ikisoma 8 dB chini ya laptopu, ongeza 8 dB kwenye lengo lako kila unapopima kwa laptopu (−67 inakuwa −59). Pima pia chooni, kwenye ngazi na ukumbi wa lifti: mgonjwa wa telemetria anatembea.

Hatua ya 4: Chaneli na nguvu

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, upana wa 20 MHz. Chaneli 3 au 8 inaonekana tupu, lakini inavuruga pande zote mbili. Kwa kuwa kuna njia tatu tu, zima redio za 2.4 GHz kwenye baadhi ya akses pointi zinapobanana.

Vifaa muhimu vipeleke 5 GHz, nako tumia 20 MHz. Upana wa 80 MHz unapendeza kwenye kipimo cha kasi, lakini monita haitaki kasi. Hutuma data kidogo sana. Inataka njia isiyo na mgongano, na upana mkubwa unakula njia hizo.

Nguvu ya kutuma iwe karibu na ile ya vifaa, takribani 11 hadi 14 dBm. Akses pointi ikipiga kelele kwa 20 dBm na pampu ikijibu kwa 12, pampu inasikia lakini haisikiki. Skrini yake itaonyesha mawimbi mazuri, huku data haifiki.

Kasi za chini zizimwe ili vifaa vising'ang'anie akses pointi ya mbali: anzia 12 Mbps kwenye 5 GHz. Kwenye 2.4 GHz tazama orodha yenu kwanza. Kifaa cha kizazi cha zamani cha Wi-Fi, 802.11b, kinafahamu 1, 2, 5.5 na 11 Mbps tu. Ukizima zote, hakitaunganika tena na hutapata ujumbe wowote wa kosa.

Hatua ya 5: Waya na umeme

Kebo kutoka swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa nyaya) hadi tundu la ukutani isizidi mita 90, na jumla pamoja na kebo fupi za mwisho mita 100. Umeme wa PoE, unaopita kwenye kebo hiyo hiyo ya mtandao, wa kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwenye swichi, 802.3at wati 30. Akses pointi kubwa ikipewa af hukubali kuwaka, kisha inazima baadhi ya redio zake kimyakimya. Piga pia hesabu ya swichi nzima: akses pointi 24 za wati 25 ni wati 600, na swichi nyingi zenye matundu 24 hazibebi hivyo.

Jenereta ya hospitali huchukua sekunde kadhaa kushika mzigo. Sekunde hizo zinatosha kuzima swichi, na baadaye swichi na akses pointi huhitaji dakika kadhaa kuamka. Kwa hiyo kila kabati la swichi liwe na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hata kama jenereta ni mpya. Akses pointi zinazopakana zichomekwe kwenye swichi mbili tofauti, ili swichi moja ikifa wodi isizimike yote.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii: vumbi la juu ya dari. Ukifungua dari katika wodi, unaweza kumwaga mbegu za ukungu wa Aspergillus, na kwa mgonjwa wa saratani au aliyepandikizwa kiungo hiyo inaweza kuwa kifo. Mjulishe msimamizi wa kinga ya maambukizi kabla ya kupanda ngazi. Tumia hema la nailoni lenye kichujio cha HEPA (kinachonasa vumbi laini sana) linalofunika ngazi hadi dari.

Hatua ya 6: Majina, ulinzi na anwani

Majina ya mtandao yasizidi manne. Kila jina hujitangaza karibu mara kumi kwa sekunde katika kila akses pointi, na matangazo hayo yanakula hewa. Vifaa tiba, wafanyakazi na wageni vinatosha, kila kundi kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile). Pampu iruhusiwe kuongea na seva yake tu. Haina sababu ya kufika intaneti.

Panapowezekana tumia vyeti, njia ya EAP-TLS. Cheti kina tarehe ya kuisha, na kifaa ambacho saa yake imerudi nyuma baada ya betri kufa kitakataa cheti kizuri. Hakikisha saa za vifaa zinasawazishwa, na andika tarehe za kuisha kwenye kalenda ya watu wawili. Nywila moja ikilazimika kutumika, iwe ndefu na ya kundi hilo peke yake.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya mgonjwa

Chukua monita halisi, iunganishe na kifaa kinachoiga mapigo ya moyo, tembea nayo wodi nzima mara kadhaa huku mwenzako akitazama skrini kuu. Kisha zima akses pointi moja moja, halafu swichi nzima, halafu umeme. Kila mara pimeni kengele ilichukua sekunde ngapi kufika kwa muuguzi, na mtandao ukikatika alijulishwa vipi.

Jaribuni pia vifaa visivyo vya mtandao. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa 2008 uliweka visoma RFID (vinavyosoma lebo za utambulisho kwa mawimbi ya redio) karibu na vifaa vya chumba cha wagonjwa mahututi: katika majaribio 123, vifaa vilivurugika mara 34, na 22 kati ya hizo ziliainishwa kuwa za hatari. Kisoma kikianza kutumika, kisogeze polepole kuelekea ventileta (mashine ya kupumulia) na pampu zisizo na mgonjwa, na uandike umbali ambao kitu kinabadilika.

Hatua ya 8: Anza na wodi moja

Si ICU (chumba cha wagonjwa mahututi). Wakati wodi hiyo inajaribiwa mipangilio isiguswe, karatasi za kuandikia zikae tayari, na wauguzi wafanye zoezi la mtandao kuzimika angalau mara moja katika kila zamu.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Monita zetu hupotea zote katika kona moja ya wodi kwa dakika moja hivi, kisha zinarudi. Haina saa maalumu. Akses pointi haijazimika.

Jibu: Angalia chaneli. Kama iko kati ya 52 na 144, hizo nyingi ni chaneli zinazotumiwa pia na rada. Akses pointi ikihisi rada lazima ihame ndani ya sekunde 10. Ikihamia chaneli nyingine ya aina hiyo, inatakiwa kusikiliza sekunde 60 kabla ya kutuma, na ndiyo dakika yako hiyo. Soma kumbukumbu zake. Kwa telemetria tumia 36, 40, 44 na 48, pamoja na 149 na kuendelea pale sheria za nchi zinaporuhusu.

Swali: Mimi ni muuguzi msimamizi. Tuwakataze wagonjwa na ndugu zao kutumia simu wodini?

Jibu: Dada, si lazima kila mahali. Kiwango cha IEC 60601-1-2 cha 2014 kinataka redio za kubebwa zisisogezwe chini ya sentimita 30 kutoka kwenye kifaa tiba. Kwa hiyo simu isilazwe juu ya pampu wala ventileta. Wekeni alama ya mita moja, inakumbukwa kirahisi. Vifaa vya zamani ni nyeti zaidi, muulize mhandisi wenu. Elewa pia kwamba simu ya 2G kwenye mtandao dhaifu inaweza kufikia wati 2, wakati Wi-Fi huwa sehemu ya kumi ya wati moja au chini. Wasiwasi uanzie kwenye simu za kawaida na redio za walinzi.

Swali: Pampu za 2.4 GHz zinasumbua saa za mlo tu, vitanda vya karibu na chumba cha wauguzi.

Jibu: Mikrowevu. Inafanya kazi karibu na 2.45 GHz, na muhuri wa mlango ukichakaa inavujisha zaidi. Iwashe yenye kikombe cha maji huku ukipima kelele. Hamisha mikrowevu, au weka akses pointi ya hapo kwenye chaneli 1, ambayo iko mbali zaidi na kelele hiyo.

Swali: Sisi ni kituo kidogo, ruta moja, vyumba sita. Haya yote yanatuhusu?

Jibu: Yanayowahusu ni machache. Kisichohama kipeni waya: kompyuta ya mapokezi, ya maabara, printa. Wageni wawe na jina lao lililotengwa. Badilisheni nywila ya kuingilia kwenye ruta, na iwekeni kwenye UPS pamoja na modemu. Ukisahau modemu, ruta itawaka bila kazi. Kisha pimeni kitanda cha mbali, mlango umefungwa. Mawimbi yakiwa dhaifu kuliko −67 dBm, vuteni kebo mkaweke akses pointi ya pili. Vile vifaa vya kurudisha mawimbi bila waya hupunguza kasi kwa karibu nusu na huongeza sehemu ya kuharibika.

Swali: Tuwashe 802.11r ili monita zihame haraka kutoka akses pointi moja hadi nyingine?

Jibu: Kwa vifaa ambavyo mtengenezaji ameandika kwamba vinaikubali. Baadhi ya vifaa vya zamani vikiona tangazo lake havijiungi kabisa. Jaribu na kifaa kimoja cha kila aina kwenye jina la majaribio. Kikishindwa, acha imezimwa kwenye jina la vifaa tiba na uiwashe kwenye la simu za wafanyakazi pekee.