Namna ya kuanzisha kikundi cha wanafunzi wa uzamivu ukiwa Kigoma, mbali na chuo

Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) anayekusanya data Kigoma kwa kawaida amesajiliwa kwingine: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, wengine ng'ambo. Kwa reli, kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Huku hakuna semina ya idara wala mlango wa msimamizi wa kubisha hodi, na kazi ya uwandani ikiisha wengi hubaki na madaftari yaliyojaa na sura ambazo hazijaanzwa. Ninaratibu kikundi kidogo cha wanafunzi wa aina hiyo hapa mjini. Ninaandika utaratibu wetu ili aliye Kasulu, Kibondo au hata Tabora aanzishe chake bila kungoja chuo kimwanzishie.

Niseme mapema ninachoamini: kikundi cha uzamivu ni cha kusomeana kurasa. Faraja ipo, tena kubwa, lakini huja kwa sababu mtu amesoma kazi yako kwa makini. Kikundi cha kukutana na kulalamika tu hakidumu.

Hatua ya 1: Tafuta watu watatu hadi watano

Wapo, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Kuna watafiti wa samaki, ambao hupitia TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Maweni wanaosoma huku wakifanya kazi, walimu, watafiti wa sokwe katika hifadhi za Gombe na Mahale, na wanaofanya utafiti kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu. Ulizia pia kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria. Unapopeleka barua yako ya utafiti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, acha namba ya simu masjala na uombe apewe mtafiti mwingine atakayefika.

Usitafute wa fani yako. Mtu wa malaria akisoma sura yako ya soko la samaki atauliza maswali ambayo mtafiti mwenzako wa uvuvi angeyaruka kwa kudhani yanajulikana. Na msizidi watano, la sivyo zamu ya mtu kusomewa itachelewa mno.

Ujumbe wa kumwalika mtu uwe mfupi na useme kazi ni nini:

"Habari za jioni, dada. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, utafiti wangu ni wa uvuvi pale Katonga. Nimepewa namba yako na mama wa masjala mkoani. Kila Jumatano jioni tunakutana, kila mmoja anakuja na kurasa mbili alizoandika, tunasomeana. Karibu sana, hata kama hujaandika kitu bado."

Hatua ya 2: Wekeni makubaliano kabla ya kuzoeana

Nusu ukurasa unatosha. Siku kwanza: Ijumaa mchana ni ya msikiti, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya kanisa, ndiyo maana sisi tuna Jumatano. Mwenye mtoto mchanga aje naye, na hilo liandikwe, maana mama hataki kuomba ruhusa hiyo kila wiki.

Halafu siri. Mliyemhoji alisaini fomu ya ridhaa kwako, hakusaini kwa kikundi. Majina, sauti zilizorekodiwa na dodoso zilizojazwa haziletwi mezani wala hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mkimbizi aliyekusimulia maisha yake amekuamini wewe.

Hatua ya 3: Someaneni kurasa mbili, kwa sauti

Hapa ndipo kikundi kinapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Usilete sura nzima. Hakuna mwenye kazi na familia atakayesoma kurasa arobaini vizuri, atakusifu tu ili amalize. Leta kurasa mbili, zile zinazokusumbua. Zichape au zitume asubuhi. Mkikutana, mwandishi wa kurasa hasomi. Mwenzake ndiye anayezisoma kwa sauti. Pale msomaji anapokwama au kurudia sentensi, wekeni alama. Mwandishi anyamaze mpaka wote wamalize kusema, maana ukianza kujitetea utakosa kusikia.

Mfano wa hivi karibuni. Mwenzetu aliandika: "Wavuvi wengi wa dagaa wanakabiliwa na changamoto nyingi za kipato." Muuguzi akauliza: "Wengi ni wangapi kati ya uliowahoji?" Mwalimu akauliza: "Mvuvi hapa ni mwenye mtumbwi au ni kibarua anayevuta nyavu?" Wa tatu akataka kujua kama dagaa anayesemwa ni *Stolothrissa tanganicae* (jina la kisayansi la dagaa wa Ziwa Tanganyika) peke yake au lumbu, samaki mdogo wa jamii hiyo hiyo, yumo. Maswali matatu, dakika chache. Wiki iliyofuata sentensi ilirudi hivi: "Vibarua wa mitumbwi niliowahoji Katonga, tofauti na wenye vyombo, walisema hukosa kipato wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa." Hiyo sasa ni hoja. Unaweza kuijengea sura.

Ukikosoa, mwachie mwenzako njia. Mfano mzuri umetoka mkoa huu huu. Hayati Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipotoka Gombe kwenda Cambridge miaka ya 1960 kusomea uzamivu, hakuwa na shahada ya kwanza, na alikuwa amewapa sokwe majina na kueleza hisia zao. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliandika kwamba sokwe mdogo, Fifi, aliona wivu. Msimamizi wake, Robert Hinde, alimwambia wivu hawezi kuuthibitisha. Kisha akampa namna ya kulisema: Fifi alitenda kwa namna ambayo, kama angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Alichokiona uwandani kilibaki, na wakosoaji wakakosa pa kushika. Nawaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo: ukiipinga sentensi, pendekeza nyingine.

Hatua ya 4: Andikeni pamoja, kimya

Baada ya kusomeana, kaeni muandike. Dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, mara mbili au tatu. Simu ziwe mbali. Chajini kompyuta kabla ya kuja, umeme ukikatika kazi iendelee. Aliyekwama kabisa aandike kwa mkono kile ambacho angemweleza jirani kuhusu utafiti wake.

Hatua ya 5: Barua kwa msimamizi ipite kikundini kwanza

Msimamizi ana wanafunzi wengi na vipindi vya kufundisha. Barua inayosema "naomba maoni yako" inamwachia kazi ya kutafuta hata swali. Sisi huandika hivi:

"Shikamoo Profesa. Naambatanisha Sura ya Tatu. Naomba mwongozo kwa mambo mawili: kama sampuli ya Katonga na Kibirizi inatosha bila Ujiji, na kama sehemu ya usaili ihamie Sura ya Nne. Wakati nasubiri naendelea na uchambuzi. Kama kuna la kusimamisha, naomba unijulishe."

Baada ya kila simu na msimamizi, andika mlichokubaliana na umtumie siku hiyo hiyo. Wasimamizi wakiwa wawili na wakipingana, barua hiyo ndiyo itakayowakutanisha bila wewe kuonekana mchonganishi.

Hatua ya 6: Data na kalenda

Data iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba unayoishi. Marejeo yaweke Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure. Ukikwama kufungua makala, muulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, na utafute AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika.

Kalenda ipitiwe na wote. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na anayehesabu samaki mwaloni miezi hiyo hana cha kuhesabu. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na utafiti wa afya unahitaji idhini ya maadili kabla hujamgusa mtu. Mwenzako aliyekwisha kupita njia hiyo atakueleza barua ipi hutangulia.

Hatua ya 7: Mtu akinyamaza, mpigie

Mwanafunzi anayekaribia kuacha mara nyingi haagi. Anakosa Jumatano moja, kisha ya pili, kisha hasomi ujumbe. Msimwandikie kundini mbele ya wote. Mmoja apige simu, na asiulize "umefikia wapi?", maana swali hilo ndilo analolikimbia. Amwambie: "Nisomee aya moja, yoyote, hapa hapa kwenye simu." Asipopatikana, nendeni nyumbani.

Wakati mwingine tatizo ni msiba, ada, ujauzito au kazi. Hapo chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo, lakini lazima uombe kwa maandishi. Ukipotea kimya, muda wako wa usajili unaendelea kuhesabiwa. Mwandikieni barua hiyo, akae nanyi mpaka aitume.

Anayehoji watu waliopitia vita asibaki na simulizi hizo peke yake. Mpeni nafasi ya kusema yalivyomgusa, bila majina. Akiwa hapati usingizi, hawezi kula, au anasema maisha hayana maana, msimshauri kuongeza bidii. Msindikizeni hospitali siku hiyo.

Hatua ya 8: Utetezi wa mazoezi, kisha masahihisho

Wiki mbili kabla ya utetezi wa tasnifu mbele ya watahini wa chuo, kikundi kikae kama watahini. Mtetezi apewe dakika zile zile atakazopewa chuoni, na mmoja wenu aandike kila swali. Swali la kwanza liwe rahisi, nalo huangusha wengi: "Umegundua nini ambacho hakikujulikana?" Ajibu kwa sentensi mbili, bila kufungua tasnifu. Maswali yote atumiwe usiku huo.

Akishafaulu msimwachie. Masahihisho ya watahini huja na tarehe ya mwisho, na ndipo mtu hurudi kazini na kuyasahau. Yagawanyeni kwenye jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Aendelee kuja Jumatano na jedwali hilo mpaka chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba kimepokea nakala ya mwisho.