Beberu mgumu? Tafuta papai bichi
Jamani ukipata nyama ya beberu mzee, yule wa machungani anayeshinda akipanda mawe, usiikimbize kwenye moto mkali utatafuna mpaka taya ziume. Kwangua papai bichi kama vijiko viwili kwa kilo, twanga na tangawizi na kitunguu swaumu, paka nyama ikae saa moja basi, maana ukiilaza usiku kucha, juu inakua rojorojo na ndani bado ngumu, haivutii kabisa. Alafu maji kidogo, funika, moto mdogo masaa mawili matatu, yakikauka ongeza ya moto. Wenye presha kuka anzeni kuonja dakika ya 45. Ule utando mweupe unaoshika juu ya nyama utoeni mapema, huo hauivi hata umalize kuni zote.