SOMO: Gitaa jipya la umeme, namna ya kulisikiliza kabla hujalisifia wala kulitukana

Kila mara kuna mtu anauliza humu: "Wakuu, nimechukua gitaa jipya, mlio wake vipi, linafaa kupigia muziki gani?" Mlio wake nitaujuaje mimi niliye huku? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wangu ni Yamaha Pacifica 112V, kwa sababu ndilo nililo nalo mapajani. Lina freti 22 (vile vichuma vinavyokatisha shingo), pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) za koili moja shingoni na katikati, na hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, kwenye daraja. Magitaa mengi ya wanaoanza yana mpangilio huu, kwa hiyo fuata tu.

Hatua ya 1. Badilisha nyuzi. Za dukani zimeshikwa na kila mpita njia. Weka seti ya 9 au ya 10 (unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi).

Hatua ya 2. Tyuni, A iwe hezi 440. Zivute nyuzi kwa vidole, tyuni tena, mpaka zitulie.

Hatua ya 3. Oktevu. Gusa uzi juu ya freti ya 12 upate harmoniki (mlio mwembamba kama kengele, bila kubonyeza), kisha ubonyeze freti hiyo hiyo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko harmoniki, kile kichuma kinachobeba uzi kwenye daraja kirudishe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni upya kila unapokigusa.

Hatua ya 4. Kimo cha pikapu. Hii ndiyo iliyowahi kuniponza, soma polepole. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Ukiisogeza karibu na nyuzi, sauti inakuwa kubwa, na sikio huchukua ukubwa likadhani ni uzuri. Nilizipandisha zote mpaka mwisho, halafu nikawa nalilaumu gitaa kwamba halishiki tyuni. Kumbe sumaku ilikuwa inazivuta nyuzi. Dalili zake: nyuzi nene ukizipiga freti za juu zinatoa sauti mbili zinazogombana, na mlio unakufa mapema. Koili moja ndizo zenye tabia hiyo zaidi, hasa ya shingoni. Kupima, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, angalia nafasi kutoka chini ya uzi mpaka juu ya sumaku, kisha fanya hivyo kwa uzi wa kwanza. Mimi huanzia milimita 2.5 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, ya shingoni naishusha zaidi kidogo. Baada ya hapo ni sikio: ukihamisha swichi ya kuchagua pikapu, sauti isiruke wala isizame.

ONYO: skrubu izungushe robo tu kila mara, usikilize. Bisibisi ya chuma hunaswa na sumaku, na ikiteleza ikakata waya wa koili, ambao ni mwembamba kama unywele, pikapu imekufa. Funika koili kwa kadi ngumu.

ONYO la pili: siku hii usiguse chuma cha ndani ya shingo. Nimesema usiguse.

Hatua ya 5. Ampu. Besi, kati na treble zote nusu, rivabu (mwangwi) imezimwa, distosheni (sauti ya kukwaruza) imezimwa. Distosheni hufanya magitaa yafanane, ndiyo maana wauzaji wanaipenda.

Hatua ya 6. Swichi. Chukua kipande kimoja unachokijua, kirudie kwenye nafasi zote tano. Shingoni mlio ni wa mviringo, mzuri kwa rumba ya taratibu. Nafasi mbili zinazounganisha pikapu ndizo tamu kwangu: mlio mwembamba unaometameta, unaopenya kati ya solo, ridhimu na besi bila kupigana na mtu. Stratocaster, gitaa la Fender, ya 1954 ilitoka na swichi ya nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha kati ya nafasi na nafasi kuupata mlio huo. Kiwandani nafasi tano zilikuja 1977.

Hambaka ni nene na ina nguvu. Kwenye 112V ukivuta nobu ya toni juu, inabaki koili moja. Ikiwa peke yake hivyo naiona nyembamba mno kwa jukwaani. Ikiunganishwa na ya katikati, hapo sebene inakaa.

Hatua ya 7. Shusha nobu ya sauti mpaka 7. Ukali ukipungua kidogo ni kawaida.

MASWALI

Dogo Solo: Mkuu langu lina mlio mbaya, tatizo nini?
Jibu: Umebadilisha nyuzi? Umepima kimo?
Dogo Solo: Bado.
Jibu: Hatua ya 1 na ya 4.

Seremala: Unapotosha watu. Mlio wa gitaa ni mbao.
Jibu: Wapi nimesema mbao haina kazi? Nasema usijadili mbao wakati pikapu zako hujazipima. Bisibisi ni rahisi kuliko mbao.

Dada Kwaya: Habari kaka, asante kwa somo. Napigia kwaya. Pikapu ya katikati peke yake inavuma, nikiunganisha na ya shingoni mvumo unapotea. Kwa nini?
Jibu: Dada, umesikiliza vizuri. Koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni hezi 50. Magitaa mengi ya sasa, ya katikati huzungushiwa waya kinyume na sumaku yake hugeuzwa. Zikiungana, mvumo unafutana na sauti ya nyuzi inabaki. Ndiyo kanuni ya hambaka; ile ya Gibson aliibuni Seth Lover mwaka 1955. Ukilazimika kutumia moja, geuka taratibu huku umeshika gitaa, kuna upande mvumo hupungua. Kaa mbali na adapta na taa za kupunguza mwanga.
Dada Kwaya: Nikigusa nyuzi mvumo unapungua. Ni hatari?
Jibu: Hapana, nyuzi zimeunganishwa na ethi. Hatari ni ukipigwa shoti, hasa mdomo ukigusa maiki. Hapo zima vyote, muite fundi umeme aangalie soketi. Na msikubali mtu akate pini ya ethi kwenye plagi ya ampu ili iingie.

Rocka: Metal linapiga?
Jibu: Hambaka, distosheni, linapiga.

Mwana Lubumbashi: Naongeza ya rumba. Toa uzi wa nne, weka uzi wa kwanza wa ziada, uushushe toni moja uwe D. Unapata D ya oktevu ya juu, ndiyo mi-composé ya wazee wetu.
Jibu: Hii nimeipenda, ndugu. Mfereji wa uzi wa nne pale kichwani si mpana kwa uzi mwembamba? Hautikisiki?
Mwana Lubumbashi: Unatikisika ukipiga wazi. Mimi ninafunga kapo (kibanio cha shingoni kinachobana nyuzi zote) freti ya kwanza ao ya pili, inatulia.
Jibu: Kapo ninayo. Nitaanza na gitaa langu la zamani, hili jipya liache kwanza.