Jinsi ya kushuti sehemu ya pili ya muvi ya vikaragosi wauaji, safari hii kwenye vita, na hela kidogo

Ile ya kwanza ulishuti kwenye nyumba moja, waigizaji wachache, vikaragosi watatu, watu wakaipenda. Sasa wanataka ya pili na wanataka iwe kubwa zaidi ila hela ni ileile, na hapo ndo wengi wanaharibu, wanahangaika na vifaru na ndege mwisho wanabandika milipuko ya kompyuta ambayo hata mtoto anaona ni feki. Mimi nasema peleka hadithi vitani lakini usiionyeshe vita yenyewe. Vita inakupa giza, inakupa vyumba vidogo vya kujificha, inakupa kelele zinazotoka nje, na hivyo vitu vitatu ndo vinamfanya kikaragosi wa mbao na waya atishe.

Chagua mji mmoja na mwaka mmoja ukae hapohapo. Mfano London 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uingereza ilianza amri ya kuzima taa usiku tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla haijatangaza vita, kila dirisha lizibwe nuru isitoke nje, taa za barabarani zikazimwa, mtu akitembea na tochi anaifunika kwa karatasi laini ili mwanga uwe hafifu. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 mji ukapigwa mabomu usiku 57 mfululizo. Watu walibandika vipande vya karatasi kwenye vioo vya madirisha kwa mtindo wa msalaba ili kioo kikipasuka vipande visiruke. Sasa angalia bajeti yako: kitambaa cheusi, karatasi na gundi, tochi moja. Chumba chochote chenye dirisha la mbao kimeshakuwa London ya vita, hujajenga kitu.

Kabla hujaandika skripti, chukua karatasi uandike tarehe zote zilizotajwa kwenye ya kwanza, nani alikufa lini, kikaragosi yupi alitengenezwa lini na kwa sababu gani. Hasa kama unarudi nyuma kwenye miaka. Muvi ya Puppet Master ya 1989 ilionyesha mzee Toulon, mtengenezaji wa vikaragosi, anajiua 1939, halafu ile ya tatu ya 1991 ikamuweka yuko hai Berlin 1941, na mashabiki mpaka leo wanalizungumzia. Ila hiyohiyo ya tatu ilifanya jambo moja zuri sana, iliwafanya vikaragosi wawaue Wanazi, kwa hiyo mtazamaji anawashangilia wauaji na hofu inageuka kuwa hasira ya haki. Hilo ndo swali lako la kwanza kabisa: vikaragosi wako wako upande wa nani? Ukishalijibu nusu ya skripti imejiandika.

Kuna upande mwingine ambao mimi naupenda zaidi na nadhani haujatumika vya kutosha. Kwenye mji unaopigwa mabomu kila usiku, maiti moja zaidi haishtui mtu. Kikaragosi anaweza kuua usiku, asubuhi mwili ukakutwa kwenye kifusi na kila mtu akasema ni bomu. Weka mtu mmoja tu anayeona tofauti, mzee wa zamu anayepita mtaani kuhakikisha taa zimezimwa, kofia ya chuma kichwani, na anamkuta mama wa watu amelala kwenye vumbi nyumba yote imebomoka lakini jeraha lake ni dogo, limenyooka, liko kwenye kifundo cha mguu. Chini kabisa. Bomu gani linakata kifundo cha mguu peke yake? Hapo muvi imeanza, na hiyo sini unahitaji matofali, unga wa chokaa na waigizaji wawili.

Ukitaka mtazamaji aanze kuogopa sauti, mfundishe mapema. King'ora cha hatari kule Uingereza kilikuwa kinapanda na kushuka, cha kuashiria salama kilikuwa kinalia sauti moja iliyonyooka. Sini ya mwanzo muonyeshe mtoto anafundishwa tofauti hiyo na dada yake. Halafu vikaragosi wako waue pale kinapolia cha salama, watu wanapotoka kwenye maficho wamelegea wanapiga miayo, mama anatafuta kiatu gizani. Usivunje hiyo kanuni mpaka karibu na mwisho, ukiivunja iwe mara moja.

Haya tuje kwa vikaragosi wenyewe. Kila mmoja mtengenezee miili miwili, mmoja mzuri wa kuonekana karibu, uso umechongwa vizuri na rangi yake, na mwingine wa kutupwa, kuangushwa, kuchomwa. Urefu wa sentimita 35 hadi 45 unatosha, mdogo zaidi ya hapo mikono yako haiingii, mkubwa zaidi anakuwa kama mtoto na hofu inabadilika inakuwa kitu kingine. Kichwa cha karatasi na gundi juu ya udongo wa kufinyanga kinafaa kabisa, kikikauka unatoa udongo kinabaki chepesi. Macho ndo yatumie hela. Weka kitu kinachong'aa, shanga au kioo kidogo kilichopakwa vanishi, kwa sababu kwenye giza mtazamaji ataona doa moja la nuru jichoni na ubongo wake utamalizia uso wote. Jicho lisilo na doa la nuru ni la mdoli wa dukani.

Kumuendesha usitegemee nyuzi za juu, zinaonekana na zinamfanya aelee. Tumia vijiti vyembamba vilivyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kimoja mgongoni kimoja kila mkono, na jenga sakafu ya uongo iliyoinuliwa mpaka usawa wa kiuno, yaani mbao juu ya meza mbili zenye nafasi katikati, waendeshaji wanakaa chini na mikono inapita kwenye ule mwanya. Kamera weka usawa wa macho ya kikaragosi, juu yake kamwe labda iwe ni macho ya mtu mzima anayemdharau. Na asitembee sana! Kosa kubwa la muvi hizi ni kumuonyesha kikaragosi anatembea chumba kizima miguu inaning'inia. Muonyeshe kichwa kinageuka taratibu, katisha, muonyeshe mlango umefunguka kidogo, katisha, yuko chini ya kitanda. Mtazamaji ndo amemtembeza.

Kama lazima umuonyeshe mwili mzima akitembea basi zile sekunde tano zifanye kwa picha mojamoja, unamsogeza kidogo unapiga, unamsogeza unapiga. Muvi ni picha 24 kwa sekunde, lakini ukipiga 12 na kila moja ikae mara mbili inakubalika, kwa hiyo sekunde tano ni picha 60, kazi ya mchana mmoja kwa mtu mvumilivu. Funga kamera isitikisike na ziba dirisha kabisa maana jua likisogea kivuli kinaruka.

Taa: moja tu, ya pembeni, chini. Mshumaa, tochi, au moto wa nyumba inayoungua nje, ambao ni taa ya rangi ya chungwa na mtu anapitisha matawi mbele yake. Mabomu usiyaonyeshe. Mtu atikise kamera kidogo, mwingine amwage vumbi toka juu ya dari, taa iyumbe, basi. Vumbi liwe la unga na waigizaji wafumbe macho, msiwatie watu vipele kwa saruji.

Sauti ndo itakula muda wako, na acha iule. Hatua za kikaragosi rekodi kwa vipande viwili vya mbao juu ya sakafu ya mbao, mdogomdogo, zisilingane, kama anachechemea. Redio za miaka ile zilikuwa za vali, ukiwasha zinakaa kimya kidogo mpaka zipate moto ndo zinasema. Itumie hiyo! Mtu kawasha redio, kimya, anasubiri, na kwenye kile kimya ndo anasikia tak, tak, juu ya kabati.

Damu ni shira nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe kama juisi. Kidogo inatosha, kwenye giza damu ni nyeusi. Silaha za askari ziwe za mbao au plastiki, na majirani na polisi wajue mapema kabla hujamtoa mtu nje na sare na bunduki, hata ya bandia.

Ukifika kuediti, anza na sini za vikaragosi kabla ya kitu kingine, zikate fupi mpaka uone zinauma, halafu ndo upange za watu kuzizunguka. Yule kikaragosi uliyemuua kwenye ya kwanza kama amerudi, eleza kwa sini moja karibu na mwanzo, kwa vitendo, mkono unashona kichwa chake upya. Na mashabiki wanaomfahamu wasiuone uso wake mzima mpaka muvi ifike nusu.